Mwambieni Apumue

Mzee Okumu,

Leo ni Jumamosi na duka nimelifunga. Najua hutaamini. Ulikuwa unanitania kwamba siku ya kufa nitakufa nikipima sukari, na mteja ataniomba nimalizie nusu kilo yake kwanza. Basi nimefunga. Watu wa Kimumu wanapita, wanagonga mlango wa mabati, wanaita, "Mama Shiru, uko?" nami nimekaa ndani juu ya kreti ya soda, nimenyamaza kama mwizi, nakuandikia.

Tumetengeneza filamu, Mzee. Sisi. Kikundi chako chote cha maigizo, wazee wenye magoti mabovu. Usikunje uso, nisikilize kwanza.

Najua ulivyokuwa unaisema kamera. "Kucheza mbele ya kamera ni kusalimia dirisha," ulikuwa unasema. "Unainama, unatabasamu, na hakuna anayekuitikia." Miaka yote ile nilikubaliana nawe, kwa sababu wewe ndiye uliyenitoa nyuma ya kaunta ukanisimamisha mbele ya watu, ukaniambia, "Nyambura, una sauti." Mtu akikufanyia hivyo hubishani naye juu ya kamera. Lakini baada ya wewe kuondoka hatukuweza kurudi jukwaani. Hasa mimi. Na sababu yake sikuwahi kumwambia mtu.

Siku uliyotuacha tulikuwa kule Soy. Shule moja ilikuwa imetuita tuwachezee mchezo wako, *Kiti cha Tabitha*, kwenye ukumbi wao wa kulia chakula, na harufu ya maharagwe ilikuwa bado imeshika kuta. Wewe ulikuwa wiki ya pili hospitalini na ulikuwa umekataa katakata tuahirishe. Simu zetu zote zilikuwa kwenye kikapu cha Barasa, zimezimwa, kama ulivyoagiza tangu zamani: simu zinawashwa mapumziko tu, na atakayepatikana na simu inayofanya kazi nyuma ya pazia atafua mavazi yote ya kikundi, peke yake, hata yale majoho ya wafalme. Mapumziko yalipofika Barasa akanijia, kitabu chake cha maneno kwapani, kile anachotusomea tukisahau. Unajua Barasa akiwa na habari mbaya anaangalia viatu vyako. Akasema, "Mama Akinyi amepiga. Mzee amezidiwa. Amesema ukiweza, kuja."

Ukiweza, kuja. Mke wako hajawahi kuniomba kitu kikubwa kuliko hicho, na sikuenda.

Hakuna aliyeniuliza kama tusimamishe mchezo, na mimi sikusema tusimamishe. Sheria ilikuwa yako na tulikuwa tumeimeza wote: jukwaani hakuna kusimama. Taa ikizimika, endelea. Suruali ikipasuka, endelea. Unakumbuka ule ukuta wetu wa katoni ulioniangukia, nikasema nusu ukurasa nikiwa chini yake, na watu wakadhani ndivyo mchezo ulivyo? Ulinisifu mwezi mzima. Basi siku ile pia niliendelea. Nilimcheza Tabitha mpaka mwisho, nikainama, nikapigiwa makofi, na tulipofika hospitalini Mama Akinyi alikuwa ameketi kwenye benchi ya korido ameshika malapa yako ndani ya mfuko wa karatasi. Aliniangalia, akasogea kidogo nipate pa kukaa.

Nilichagua makofi nikakuacha. Hivyo ndivyo nilivyojiambia kila siku tangu hapo, nikifungua duka na nikilifunga. Mavazi niliyatia kwenye sanduku la bati nikayaweka chini ya marobota ya unga. Watu wa kikundi wakija kuuliza tunarudi lini nilikuwa nawaambia mgongo unanisumbua. Mgongo haukuwa na shida yoyote.

Aliyenitoa huko ni Chebet. Humjui. Ni msichana wa kupiga video za harusi, ana kamera yake na mdomo wake, na alituona jukwaani akiwa sekondari. Alikuja kununua mkate, nikamwambia bei, akasimama pale pale: "Hiyo sauti naijua. Wewe ni Tabitha." Kuanzia siku hiyo hakuniacha. Kila akija mkate ni mmoja na maneno ni ya saa nzima. Nilimkatalia mara nyingi, nikamwambia sisi ni watu wa jukwaa, hatujui mambo ya kamera. Halafu siku moja akasema, bila hata kufikiria, "Lakini Mum, na kamera ukikosea tunasimama tu. Tunaanza tena." Nilirudisha chenji yake nikamwambia aje Jumapili. Nilikuwa sijawahi kusikia kazi ya kuigiza ambayo mtu anaruhusiwa kusimama.

Filamu ya mchezo wako tuliipigia kwako, mtaa wa West Indies. Mama Akinyi alikubali haraka kuliko nilivyotarajia, alisema ua umekuwa na kimya kibaya. Akatupikia siku zote za kazi.

Ungetucheka. Barasa alikuwa anasema maneno yake kama kuna watu wa kumsikia kutoka barabarani, mpaka jirani akatoka kuamua ugomvi. Hakuna aliyekubali kuipa kamera mgongo, kwa vile ulitufundisha mgongo si wa mtazamaji, kwa hiyo tuliingia na kutoka kwenye nyumba yako kwa ubavu siku nzima. Na kusimama hatukujua. Chebet akisema "cut" sisi tunaendelea, tunamaliza onyesho lote mpaka mwisho, halafu tunatafuta pa kuinamia. Alikuwa anatembea mbele yetu akiinua mikono kama askari wa barabarani. "Jameni, nikisema cut ni cut. Sasa mnachezea nani?" Barasa akamjibu kwa upole, "Msichana wangu, sisi hatujawahi kusimama."

Lakini pia alishangaa, Mzee, na nataka ulisikie hili. Alizoea watu wanaosahau. Sisi tulikuwa na mchezo mzima kichwani, kila mtu na maneno ya mwenzake. Nililia kwenye neno lile lile mara saba, chozi likitoka jicho lile lile. Mvua ilipohitajika hakutafuta mvua kwa simu, Barasa alimwaga mahindi kwenye sinia ya bati karibu na dirisha, vile ulivyomfundisha, na Chebet akaisikiliza akiwa ameziba sikio moja na kidole. Uso wangu ulipokuwa na giza tulitandaza shuka lako jeupe ukutani, jua likanirudia. Alisema chuo hawakumfundisha hayo. Nilimwambia alifunzwa mahali pabaya.

Tatizo lilikuwa mwisho wa mchezo. Unajua Tabitha amekuwa akimwekea mwanawe kiti nje kila asubuhi, mwana ambaye harudi, na mwishoni anakibeba kiti anakiingiza ndani, anasema sentensi zake tatu, anafunga mlango. Ni hiyo tu. Nilishindwa. Tulianza saa nane, tukarudia na kurudia. Kila mara Chebet anatoa kichwa nyuma ya kamera. "Mum, unakimbia." Tunaanza tena. "Bado unakimbia. Pumua kwanza." Tunaanza tena. Nilikuwa najisikia mwenyewe, maneno yanatoka kama watu wanaotoroka nyumba inayoungua, na sikuweza kuyashika.

Ndipo Mama Akinyi akatoka jikoni, mwiko mkononi, ugali umeshika kwenye mwiko. Akamuuliza Chebet, "Hayo maneno umeambiwa na nani?"

Chebet akasema hakuambiwa na mtu. Mama Akinyi akatuangalia mmoja mmoja, halafu akaja akaketi kwenye kiti cha Tabitha, katikati ya kazi yetu, akaanza kusema akiuangalia ule mwiko.

Akasema siku ile ya Soy, nilipokuwa narudi jukwaani baada ya mapumziko, ulifungua macho ukamuuliza, "Wamefika wapi?" Akampigia Barasa tena, kabla hajazima simu. Na Barasa, Mzee, Barasa wako wa sheria, hakuizima. Nusu yote ya pili ya mchezo alisimama nyuma ya pazia, mkono mmoja na kitabu na mkono mwingine na simu, ameielekeza jukwaani. Mama Akinyi alikuwa ameiweka yake juu ya mto, karibu na sikio lako. Alisema midomo yako ilikuwa inaenda na maneno yetu, ya kila mtu, hata ya yule mlinzi mwenye sentensi moja. Na tulipofika mwisho, kwenye kiti, ulikunja uso. Ukasema, "Anakimbia. Mwambieni Nyambura apumue." Ukasikiliza makofi mpaka yakaisha. Baada ya hapo hukusema kitu kingine.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Alisema, "Ningekuambiaje? Wewe ulikuwa umeumia hivyo, halafu nikuambie ati Mzee amekufa akikukosoa kazi?"

Nikamgeukia Barasa. Alikuwa anaangalia viatu vyangu. "Simu ilikuwa on, Mama Shiru," akasema. "Nyuma ya pazia. Yeye mwenyewe angenifukuza." Mwanaume mzima, mjukuu wake yuko chuo kikuu, alikaa na jambo hilo muda wote huo akiogopa adhabu ya mtu tuliyemzika pamoja.

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikaketi chini kwenye nyasi zako, na nikiwa pale kicheko kikageuka kikawa kile kilio ambacho sikulia mazishini, na Mama Akinyi akaushusha mwiko akanishika kichwa. Chebet alizima kamera bila kuambiwa.

Mzee, bila shaka nilikuwa nakimbia. Nilikuwa nakuja kwako. Tangu mapumziko kila neno nililisema nikilisukuma lipite, nimalize, nipate kuondoka Soy. Nilidhani umekufa ukinisubiri nami nikiinamia watu. Kumbe ulinisikia nikija njia nzima, na wewe, kwa vile ni wewe, ukaona ni kosa ukalisahihisha. Hujui umenitua mzigo gani. Nimelala vizuri wiki hii, nalala mpaka Shiru anakuja kuniangalia kama niko hai.

Tuliosha nyuso, Mama Akinyi akanipisha kiti. Kilikuwa bado na joto lake. Nilisimama mlangoni pako nikapumua, nikahesabu kama ulivyonifundisha, nikakibeba. Tulipiga mara moja tu. Chebet akasema "cut", na mimi nikasimama. Mara ya kwanza maishani mwangu, Mzee. Nilisimama na kiti mikononi na hakuna kitu kibaya kilichotokea.

Jumapili iliyopita alasiri tuliionyesha kwenye ukumbi wa kanisa hapa Kimumu, kwenye lile shuka lako. Watu walikaa mpaka madirishani. Walicheka pale ulipotaka wacheke, na mahali pawili ambapo hukutaka. Nilipobeba kiti, mama mmoja nyuma yangu akasema "pole" kwa sauti, akijibu lile shuka, na nikakumbuka dirisha lako lisiloitikia. Safari hii kulikuwa na aliyeitikia. Ilipoisha Barasa akaenda mbele akainama, akiligeuzia shuka mgongo, na hakuna aliyemzuia.

Jumatatu yake alikuja dukani akaomba sanduku la bati. Sikumuuliza la nini. Nilipopita West Indies jioni niliona kamba zote za Mama Akinyi zimejaa, majoho ya wafalme, gauni la Tabitha, kofia za askari, vyote vinatiririka maji, na Barasa amekaa ngazini na mikono iliyokunjamana kwa maji. Alifua vyote, peke yake, kama sheria ilivyosema. Nafikiri sasa amekulipa, na nakuomba umsamehe.

Tunaanza nyingine mwezi ujao. Mama Akinyi amesema amepika vya kutosha, naye anataka maneno. Tutampa ya kutosha.

Lakini sheria yako moja nimeibadilisha, na nimewaambia wote, kwa hiyo usinikasirikie peke yangu. Kwenye kikundi chako, mtu wa mmoja wetu akiita, tunasimama. Taa, suruali, kuta za katoni, hapo tunaendelea kama ulivyotaka. Mtu akiita, tunasimama na tunaenda. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako, na ile nyingine unaijua, maana ni wewe uliyeiomba.

Pumzika sasa, mwalimu wangu. Mlango unagongwa tena, namsikia mtoto anaomba sukari nusu kilo na anasema mama yake ana haraka. Atangoja kidogo. Napumua kwanza.

Wako,
Nyambura