Hata Kompyuta Zina Lumbesa

Jumanne, Mwanjelwa

Sitaki. Mkaguzi wa vifurushi vya programu za mfumo wa Linux ameniandikia tena, eti maktaba yangu, yaani msimbo wa kusomea mizani ya kielektroniki, haihitaji kifurushi cha peke yake. Programu zinazoitumia ni mbili tu, anasema, basi nibandike nakala ndani ya kila moja, yaishe.

Hakuwepo asubuhi kule Chimala, mpunga ulipokuwa unapimwa na kuuzwa.

Gunia la mpunga la Mama Nkwimba, mmoja wa wakulima wa huko, tulilipima kwa mzani mmoja. Kompyuta ya kikundi cha wakulima ikasoma sawasawa. Tukahamishia waya wa mzani kwenye kompyuta ya mnunuzi, gunia halijaguswa, ikapunguza kilo mbili. Kosa hilo nililisahihisha mwezi uliopita, lakini programu ya mnunuzi imebeba nakala yake ya zamani ya maktaba, na sahihisho halikuifikia.

Mama Nkwimba hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Mwanangu, na kompyuta nazo zimejifunza wizi wa lumbesa?"

Alimaanisha yale magunia yanayojazwa hadi kufurika, mkulima akalipwa bei ya gunia la kawaida. Nakala zote mbili nilizibandika mimi mwenyewe, kwa uvivu.

Kwa hiyo maktaba itakuwa moja, programu zote ziiazime, nikirekebisha mara moja zipone zote. Naogopa kidogo, maana nikikosea zitaharibika pamoja. Potelea mbali. Mkulima na mnunuzi wataumia sawa, na watanifuata wote wawili.

Kifurushi nimekituma tena jioni hii. Penye nafasi ya jina la mtu wa kuulizwa kikiharibika, nimeandika langu, mpaka la ukoo.