Majina ya Wakulima

Jumatano, Mbinga

Seva ilikuwa tayari tangu saa nane mchana. Nilibakiza kuweka programu ya dodoso tu, kisha niingize majibu ya wakulima wa kahawa. Ndipo Meneja akasema kila jibu liende na jina.

"Mzee, tuliwaahidi hawatajulikana."

"Wewe weka. Mwenyekiti wa chama cha ushirika anataka kujua akina nani wanawauzia wanunuzi binafsi."

Nikajibu, "Sawa, mzee." Naona aibu hata kuliandika.

Shangazi yangu wa Kigonsera yumo. Aliuza kwa mnunuzi binafsi kwa sababu chama kilikuwa hakijaanza kununua na mjukuu wake amelazwa. "Nakuambia wewe, mwanangu, siyo ofisi," alisema, nami nikaandika. Wakimjua, watamnyima miche na dawa ya mibuni. Na wengine je, ambao sio shangazi zangu...

Saa kumi nilirudi kwa Meneja, nikamwambia nitaweka namba, majina siweki. Hakufoka. Alinyoosha mkono tu, akataka ufunguo wa chumba cha seva. Nikampa.

Hakuuliza karatasi za majibu, zenye majina, ziko wapi. Ziko hapa, chini ya kitanda changu. Kesho atauliza.