Mfuko Nilioufua kwa Miguu

Baba Nafula wangu,

Nafula alirudi kutoka mlimani jana mchana, na kabla hajavua viatu akaniambia neno ambalo wewe hukuwahi kuniambia. Nitalifikia. Acha kwanza nianze na karai.

Unakumbuka lile karai kubwa la bati, tulilotumia mwaka ule tulipohamia mtaa wa Tena? Ilikuwa Jumamosi. Ulikuwa na ndoto ya kupanda Mlima Kenya, na ulitoka sokoni kwenye mitumba na mfuko wa kulalia wa rangi ya samawati, umeubeba begani kama mtu aliyenunua mbuzi. Jirani yetu wa mlango wa pili alikuwa anachambua mchele nje. Akakuuliza, "Baba Nafula, kwani huko mlimani ulipoteza ng'ombe?"

Ukamjibu, "Nimepoteza usingizi, naenda kuutafuta."

Ulipoingia ulinionyesha lebo, imeshonwa kwa ndani karibu na zipu. Ilikuwa na picha ya mlima mdogo na maandishi ya digrii kumi chini ya sifuri. Uliyapitishia kidole mara kadhaa. Hukuwa umewahi kulala mahali penye baridi ya namna hiyo, wala mimi, lakini uliamini. Kazi yako ndiyo iliyokufundisha kuamini lebo. Kule kiwandani Industrial Area wewe na rafiki yako Omari mlikuwa mnabandika lebo kwenye makopo ya rangi, na ulikuwa na fahari kwamba lita nne zenu zilikuwa lita nne kweli. "Kilichobandikwa kimepimwa," ulikuwa ukisema.

Mimi nami nilikuwa na imani yangu. Kitu cha mitumba hakikuingia kitandani mwangu bila kufuliwa. Ndivyo nilivyolelewa. Nilichemsha maji, nikatia sabuni ya unga, nikaingia karaini kwa miguu, na Nafula akiwa bado mdogo akaingia pamoja nami, tukawa tunakanyaga huku anaimba. Maji yalitoka ya kahawia. Kisha ikapanda harufu ya kuku aliyemwagiwa maji moto ili anyonyolewe. Sikujua ndani mlikuwa na manyoya ya bata. Nilidhani ni uchafu wa huko ulikotoka, nikamwaga yale maji na kuufua mara ya pili, kwa maji ya moto zaidi. Wewe ukashika upande mmoja na mimi mwingine, tukaukamua mpaka mikono yako ikatetemeka. Tulicheka sana siku ile.

Mfuko ulipokauka ukaubonyeza kwa kiganja. "Naona umekonda kidogo," ukasema.

Ni hayo tu. Nami nikajibu, "Basi siku nyingine ufue mwenyewe."

Jioni nilikuwekea ugali bila kusema neno, na bakuli la sukuma wiki nikaliweka mbali, mahali mkono wako usingefika bila kuinuka. Uliinuka, ukachota, ukakaa. Mwishowe ukasema, "Lakini mfuko unanukia vizuri." Nikatabasamu. Nilijiona nimeshinda.

Baada ya hapo niliukunja, nikaufunga kwa kamba ya katani nilivyoweza kukaza, nikausukuma chini ya kitanda na juu yake nikaweka gunia la mahindi kutoka nyumbani kijijini. Kwangu mimi, kitu kilichotunzwa vizuri ni kile kilichobanwa kikawa kidogo. Hapo mfuko ulikaa mpaka wewe na Omari mlipopanga safari ya mlimani.

Ulirudi midomo imepasuka. Nikakuuliza kama ulilala.

"Nililala kama mtoto mchanga. Omari ndiye aliyetusumbua kwa kukoroma."

Niliitangaza habari hiyo kwa wapangaji wa ploti nzima, kwamba mume wangu alilala kwenye Mlima Kenya ndani ya mfuko niliouosha kwa miguu yangu mwenyewe. Mlienda milima ya Aberdare, mkarudi tena Mlima Kenya, na kila mara nilipouliza jibu lilikuwa lile lile. Kama mtoto mchanga.

Halafu kikaja kifua, kikakuchukua. Daktari alisema ugonjwa ule ulikuwa umekaa ndani siku nyingi na haukutokana na baridi. Nilimuuliza mara mbili. Nikiwa kanisani namwamini. Nikiwa nafua nguo, simwamini.

Mwaka huu Nafula amemaliza shule, na vijana wa kanisa wakapanga kupanda mlima. Akauvuta mfuko wako kutoka chini ya kitanda.

"Mathe, nabeba hii ya fathe."

"Haitatosha," nikasema. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

"Si imeandikwa hapa? Digrii kumi chini ya sifuri." Na kidole chake kikapita juu ya lebo, vile vile.

Niliogopa. Nikamtumia Omari ujumbe kule Njiru anakokaa sasa, akaja, akanywa chai, kisha akatuambia tuupandishe mfuko juu ya paa kwenye kamba za nguo. Akautandaza ukielekea jua. Baba Nafula, mwanga ulipita ndani yake kama unavyopita kwenye pazia. Manyoya yalikuwa yamegandamana madonge madonge, kama uji uliokorogwa vibaya, na kati ya madonge palikuwa na kitambaa kitupu.

"Shemeji," Omari akasema, "hii namba iliandikiwa mfuko mpya, ambao manyoya yake hayajafuliwa wala kubanwa yakagandamana."

"Na ukiwa mpya ni kweli?"

"Inategemea nani ameandika. Kiwanda kimoja kinakuandikia baridi ambayo bado utalala usingizi. Kingine kinakuandikia baridi ambayo hutakufa, lakini utasubiri asubuhi umekaa. Lebo haikwambii ni ipi kati ya hizo. Halafu huyo waliyempimia ameshiba, amevaa soksi nzito, amelalia mkeka. Mtu mwembamba aliyekunywa chai kavu hakupimiwa." Akamgeukia Nafula. "Sisi wapanda mlima tukisoma kumi chini ya sifuri, tunahesabu ni sifuri. Na bado tunabeba sweta."

Nikamuuliza, "Sasa Baba Nafula alikuwa analalaje?"

Omari alianza kuufuta mfuko vumbi ambalo halikuwepo.

"Hakulala, shemeji. Ile safari ya kwanza alizunguka kibanda tulicholala mpaka jua likatoka, mikono kwapani. Nikamwambia auze kitu hiki. Akasema, 'Mama Nafula ameufua kwa miguu yake. Msimwambie.'"

"Na safari nyingine?"

"Aliubeba huu huu. Tulikuwa tunajaza magazeti ndani. Mimi nilikuwa nampa koti langu."

Kufua hakuniumizi sana. Sikujua, na hata mama yangu asingejua. Kinachoniumiza ni bakuli la sukuma. Ulisema neno dogo la kweli nami nikakuadhibu kwa kimya, na wewe ukajifunza kwamba katika nyumba yangu mtu anayesikia baridi hujibu kwamba ana joto. Sasa ninarudi nyuma nikiokota mambo. Ulipoanza kukohoa ulisema ni vumbi la kazini. Nami nilikubali upesi, kwa sababu jibu hilo lilikuwa rahisi kwangu. Ulikaa na maumivu yale kwa muda gani kabla hujaona kwamba ni salama kuniambia?

Nilimketisha Nafula nikamweleza yote, hata bakuli. Alicheka kidogo. "Mathe, kumbe ulikuwa mkali hivyo." Kisha akaacha kucheka, akanishika mkono. Tukatoa lile blanketi letu jekundu kitandani, nikalishona ndani ya mfuko kwa uzi wa gunia. Nikamwekea sweta lako la kijani na mkeka.

Nikamwambia, "Mimi lebo sijali inasema nini. Ukisikia baridi, sema. Mwambie aliye karibu nawe. Na ukirudi, uniambie mimi."

Jana, akiwa bado mlangoni na mzigo mgongoni, akasema, "Mathe, nilisikia baridi. Miguu hasa. Nililia kidogo, nikamwambia msichana aliyekuwa kando yangu, tukajifunika pamoja."

Nikamwambia asante. Alinishangaa, akauliza asante ya nini. Nikaenda kumchemshia maji ya miguu.

Leo mfuko uko kambani, umeachwa wazi, haukufungwa wala haukukunjwa. Sijaufua. Unapunga hewa tu, na ule uzi wangu wa gunia unaonekana hata kutoka barabarani.

Ungeniambia, Baba Nafula. Ningenuna siku mbili, labda tatu. Bakuli ningeliweka mbali, nakujua na najijua. Halafu ningelitoa hilo hilo blanketi jekundu, nikakushonea wewe.

Wako niliyelala na joto,
Mama Nafula