Tiki Tisa

Jumatatu, 3 Machi
Leo shemeji, mdogo wa mume wangu, katimiza siku thelathini kitandani, kichwa chini kidogo kuliko miguu. Kula hapo, kuoga hapo, haja hapo. Ndivyo watafiti wanavyoigiza safari ya anga huku chini: mfupa usiobeba mwili hupungua, hata wa kijana. Kazi yangu kumsimamia asukume ubao wa uzito kwa miguu, saa nzima kila siku, tuone kama mazoezi yataiokoa mifupa. Leo mgongo unamuuma. Eti, "Shemeji, nisamehe leo tu. Mifupa ina kalenda?" Nikacheka. Nikatia tiki kwenye daftari kama kafanya. Siku moja tu!

Alhamisi, 6 Machi
Jana tena. Na leo. Ananiita "mke wangu" mbele ya wauguzi, wote hoi kwa kicheko, nami nalainika. Tiki ya tatu. Nimeitia bila hata kufikiri — hilo ndilo linaloniudhi.

Jumanne, 18 Machi
Picha za mifupa zimetoka. Nyonga ya shemeji imepungua sawa na za wale wa chumba cha pili, ambao hawakupangiwa mazoezi kabisa! Daktari kalifungua daftari langu, kapitisha kidole: tiki, tiki, tiki. Kasema basi mazoezi haya hayafai, ataandika hivyo kwa wanaowaandaa wasafiri wa anga. Mimi nikajifanya natafuta kalamu. Kalamu ninayo mkononi! Tisa ni za uongo. Tisa. Wako watu watakaopanda huko juu bila mazoezi kwa sababu yangu.

Jumamosi, 22 Machi
Mama mkwe kapiga simu. Kauliza, anaendeleaje mwanangu? Maana nilimkabidhi kwako. Nikasema hajambo. Mimi ndiye niliyemwambia huyo mama ni kazi ya kulala tu! Nimemwambia shemeji tuseme ukweli. Hataki — eti utafukuzwa kazi, na kaka atanila nyama. Daftari nikalirudisha kabatini. Najiona mchafu.

Jumatatu, 24 Machi
Saa nne asubuhi, benchi la chumba cha vipimo. Jana siku hamsini zilikwisha, leo wanasimama. Wa chumba cha pili wamepewa magongo, wiki mbili polepole. Waliofanya mazoezi wanapimwa kwa kuruka, leo hii. Nimemuuliza daktari, na ile nyonga haitavunjika? Kasema kweli imepungua, lakini miguu imezoea mzigo, daftari linaonyesha. Daftari langu!

Njia ya mwongo ni fupi, lakini anayeipita si mimi, ni yeye.

Kashushwa kitandani. Magoti yanacheza. Kaninong'oneza, "Shemeji, miguu siisikii." Hakuna utani tena. Nikamwambia amweleze daktari. Katikisa kichwa — ananilinda mimi, mjinga huyu!

Kapanda kwenye kipimo. Muuguzi kamwachia mkono. Daktari kauliza, "Tayari?"

Hakumuuliza yeye. Daktari ananitazama mimi, mwenye daftari la tiki.