Nyar Usenge, Akinyi Bado Anakungoja

Nyar Usenge,

Kosa wanalofanya wengi ni kudhani kwamba anayekufa maji ni yule asiyejua kuogelea. Nimelisikia mara nyingi tangu ututoke. Watu wa kanisani walisema, na hata majirani wako wa Mamboleo, walionunua samaki kwako miaka yote, walitikisa kichwa wakasema labda hakujua kuogelea vizuri. Nimewasahihisha hadi nimechoka. Asiyejua kuogelea huogopa maji, na anayeyaogopa hurudi mapema. Mama Rose, aliyekulia Vihiga na hajawahi kuingia kwenye maji yanayopita magoti, alirudi. Wewe, binti wa Usenge, uliyeogelea ziwani kabla hujajua kusoma, ndiwe uliyebaki.

Najua ungesema nini hapa. "Mwalimu akiulizwa saa, anaanza na jua." Ulinitupia maneno hayo mbele ya chama chetu kizima cha akina mama, na tangu siku hiyo hakuna mwanachama aliyeniuliza saa. Nivumilie kama ulivyonivumilia. Nina jambo moja la kukuomba, lakini siwezi kulifikia bila kupita njia yote.

Vyama vingine vilinunuliana sufuria na mablanketi. Ni wewe uliyesema sufuria tulizonazo zinatosha kupikia hata matanga yetu wenyewe, sasa twende tukaone nchi ya watu. Mama Rose aliuliza kama huko kwenye nchi ya watu kuna choo. Ukamjibu, "Wewe lete tu miguu, Rose, choo tutakitafuta tukifika." Basi tukafunga safari, sisi marafiki watano, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amewahi kutoka nje ya Kenya. Tulipanda meli hapa Kisumu hadi Mwanza, tukashika treni kwenda pwani, tukavuka hadi Unguja, kwa sababu tulisikia wanawake wa huko wanalima mwani ndani ya bahari kama sisi tunavyolima mtama. Ndani ya treni ulifungua omena wako wa kukaanga na kuwagawia abiria usiowajua. Mzee mmoja akageuza uso. Ukamwambia, "Kula tu, Baba. Hawa samaki wana macho mengi, watakukumbuka ukiwakataa." Akala. Alipofika kwake alishuka akikupungia mkono.

Asubuhi yetu ya kwanza kijijini, bahari haikuwapo. Ulishika kiuno ukatazama ule mchanga mtupu uliokwenda hadi mbali, ukasema, "Watu hawa wamemwaga maji yao." Bi Zuhura, mwenyeji wetu, alicheka hadi akakaa chini. Kisha akaenda na wenzake kwenye kamba zao za mwani, ninyi mkafuata. Mimi nilibaki ufuoni kwa sababu miguu ilikuwa imevimba kwa safari.

Sasa niseme lile ambalo watu wa kwetu hawalielewi hata nikiwachorea. Ziwa letu linaweza kukuua, lakini likitaka kukuua huja mbele ya macho yako. Kuna wingu, kuna upepo, kuna wimbi, na mtoto wa Usenge anajua kuyasoma hayo yote. Halijawahi kuondoka asubuhi likarudi mchana. Bahari hujaa kwa nyuma. Kati ya mwamba wa nje na ufuo kuna bonde ambalo jicho la mgeni halilioni, na maji yakirudi hulijaza bonde hilo kwanza. Aliye juu ya mwamba bado anakanyaga pakavu, kumbe tayari amezungukwa. Na maji hayo yana mlango wake katika mwamba, ambapo hutoka kwa nguvu kama mto. Mwenyeji haendi huko. Asiyejua maji kabisa haendi pia. Anayekwenda ni mtu wa ziwa, kwa sababu haogopi.

Bi Zuhura aliita, "Njooni, jamani, maji yanajaa." Mama Rose alirudi mbio, leso mkononi, na wale wengine wawili nyuma yake. Wewe ulikuwa umezipita kamba, unaelekea kwenye ile mistari myeupe ya mawimbi. Mama Rose anasema ulimwambia, "Tangulieni. Nataka kuona mahali yanapozaliwa. Maji yakija, nitakuja nayo." Kwetu Usenge mtoto akitazama mbele huona kilima cha kisiwa. Pale hukuona kitu. Nadhani ndicho kilichokuvuta.

Nilikuona ukianza kuogelea. Uliogelea vizuri, Nyar Usenge. Nataka ulijue hilo. Mikono mirefu, bila haraka, uso kwetu. Na kila ulipovuta mkono, ulikuwa kushoto zaidi, karibu zaidi na ule mlango. Wavuvi waliingia na ngalawa. Walitafuta siku hiyo na siku zilizofuata, na imamu wao akakuombea, nasi tukaomba kwa namna yetu. Hukurudishwa.

Tulirudi na begi lako.

Wazee wa Bondo, kwa kina mume wako, walifanya kama inavyofanywa kwa aliyepotea majini. Walikata tunda la yago, lile refu zito linaloning'inia kwa kamba yake, wakalivika gauni lako la bluu la Jumapili, wakalizika upande wa kushoto wa nyumba ya mume wako, mahali pa mke. Mchungaji alisimama pembeni, hakukataa wala hakukubali. Mume wako alilia kama mtu aliyeona mwili. Nimeyafikiria sana haya, mimi niliyesomea ualimu. Mtu hawezi kumaliza kulia mbele ya hewa. Anahitaji kitu chenye uzito, kishushwe, kifukiwe, kisha arudi nyumbani ale. Mume wako alikula siku ile. Sasa amezeeka, lakini yuko na watu.

Akinyi, binti yako, hakuja. Alituma neno kwamba tunda ni tunda. Na hoja yake, rafiki yangu, siwezi kuivunja, maana ni ile niliyoanza nayo, ila yeye ameigeuza. Anasema mama yake alijua maji kuliko sisi wote, kwa hiyo hawezi kufa maji. Ameokotwa mahali, amepoteza fahamu, siku moja atakumbuka kwao. Kuna mtu alimwambia amekuona Mwanza unauza samaki. Alikwenda, tayari ana mimba, akamfuata mwanamke mmoja sokoni kwa sababu ya mgongo wake. Mwanamke alipogeuka, Akinyi alimwomba msamaha na kumnunulia samaki, kisha akarudi kutuambia kwamba mgongo ulikuwa wako kabisa.

Ziwa lako usingelitambua siku hizi. Magugumaji yamelifunika toka bandarini hadi mbali, kijani kibichi, ungedhani ni shamba. Wavuvi wanasukuma mitumbwi kwa miti kama watu wanaolima matope. Meli ya abiria haiji. Lakini kila Jumamosi Akinyi huvaa vizuri na kwenda kwenye lango la bandari. Askari wa pale wamemzoea. "Mama, meli hakuna. Leo pia hakuna. Peleka mtoto kivulini." Naye huwajibu, "Sikuuliza meli, Bwana. Nimekuja kukaa tu."

Mtoto ni wa kike. Ana paji lako la uso. Na hana jina.

Unajua vile inavyokwenda kwetu. Mtoto akilia bila kukoma, na zahanati ikisema haioni ugonjwa, kina mama wakubwa hukaa naye wakitaja majina ya waliofariki, mmoja baada ya mwingine, huku anapewa titi. Jina likitajwa akanyamaza na kunyonya, basi aliyekuwa anadai amejulikana. Huyu hajaacha kulia tangu azaliwe. Shangazi zake Akinyi walikuja toka Bondo. Nami nilikuwapo, nimekaa karibu na mlango. Walitaja bibi wa upande wa baba, wakataja mjomba aliyekufa vitani, wakataja wengine ambao hata sikuwajua. Mtoto analia. Kisha mmoja akasema taratibu jina lako, "Anyango, nyar Usenge," na kabla hatujaona kama angenyamaza, Akinyi alimnyakua akaingia chumbani na kufunga mlango. Tulimsikia akisema mle ndani, "Mtoto wangu hawezi kuitwa jina la mtu aliye safarini."

Shangazi mkubwa aliokota leso yake. "Basi na tungoje wote," akasema, "tuone nani atachoka kwanza." Lakini aliyekuwa anachoka ni mtoto.

Nieleze jinsi ninavyoliona, halafu nitanyamaza. Sijui kama jina hutuliza mtoto. Ninachojua ni kwamba Akinyi hali, kwa sababu anayengoja mgeni hali kabla mgeni hajafika. Asipokula, maziwa hayatoki. Maziwa yasipotoka, mtoto atalia hata akipewa jina la malaika. Muuguzi alimpima wiki hii, akaniangalia mimi badala ya kumwangalia mama yake. Nimefundisha watoto wengi, nalijua jicho hilo. Nimezungumza na Akinyi kwa upole, nimezungumza kwa ukali. Mama Rose amepiga magoti mbele yake na kumweleza yote aliyoyaona. Akinyi alimwinua, akamwambia, "Mama Rose, wewe unaogopa maji. Hukuona vizuri."

Hakuna mwingine wa kumtuma. Kanisani nafundisha kwamba wafu wamelala na hawajui neno, na sijabadili mawazo. Siamini kwamba utaisoma barua hii. Naiandika kwa sababu kila aliye hai amekwisha kusema naye, na wewe ndiye mtu pekee ambaye Akinyi hajawahi kumbishia.

Kwaheri, rafiki yangu. Lala huko uliko, chini ya maji ambayo hayakukujua. Nakuahidi kwamba maadamu ninaweza kutembea, nitakwenda kwa Akinyi kila asubuhi na uji, nitamshika mtoto huyo akilia, na sitamwita jina lolote mpaka mama yake alitoe mwenyewe.

Lakini wewe, Anyango, mwendee binti yako leo, umwambie kwamba umekufa.