Aliyeturudisha Kutoka Nyiragongo

Bwera, Jumapili, 2016

Kuna jambo moja la Nyiragongo nimelificha, hata kwa padri sikulisema.

Leo mwanangu Bwambale ameniletea historia ya maisha yangu, ile itakayosomwa kanisani siku ya kunizika, niisahihishe mwenyewe maana nilikuwa mwalimu. Ameandika vizuri. Nilihamisha koma mbili tu. Kisha nikafika pale: "Alipanda volkeno ya Nyiragongo kule Kongo, akakaribia kilele, akarudi kwa sababu mama alichoka."

Mke wangu Masika alikuwa karibu, anamenya ndizi. Akacheka. "Acha hivyo hivyo. Wanawake wa kanisani wameshanipa jina, Mama Turudi."

Miaka mitano wanamtania, na mimi nacheka nao.

Siku ile mlimani miamba ilikuwa myeusi, inakata viatu. Jua lilikuwa linazama. Kiongozi wetu, Mkongo, alisema, "Mama iko na nguvu, apande na wengine. Papa, miye nitakushusha pole pole." Masika alitazama juu, ambako moto ulikuwa umeyafanya mawingu mekundu. Alitamani sana kuuona. Akanishika mkono, tukashuka.

Bwambale atarudi kesho kuchukua karatasi. Moyo umetulia kuliko siku nyingi. Sentensi yake nimeifuta, na juu yake nimeandika: Mama hakuchoka. Mimi niliogopa, nikamwomba asiniache.