Mifuko ya Bitana ya Zambarau

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limeacha ukorofi wake na usingizi unakuja bila kubembelezwa. Sisi huku hatujambo. Mke wangu anakusalimia sana, cherehani inazunguka, na mimi kichwa kinaniuma kidogo tu, tena ni kwa sababu ya miwani, usianze kuwaza mengine.

Najua habari imekufikia kabla yangu, maana dada mdomo wake hauna breki. Nasikia amekuambia kwamba mjukuu wako Chiriku amenaswa shuleni na mambo ya sigara za mvuke. Mama, weka kikombe chini unisikilize mimi. Mjukuu wako hajavuta. Hajavuta hata pafu moja, na nikishakueleza yote utatamani kumbeba mgongoni, japo ana miaka kumi na sita na amekupita urefu.

Jambo lilianzia dukani kwangu. Katikati ya muhula alikuja msichana mmoja na sketi ya shule, akaomba nimtilie kifuko ndani ya kiuno, upana wa vidole viwili, kisionekane. Wewe unanijua. Mtu akiniambia kitu hakishoneki, chakula hakipiti kooni mpaka nikishone. Nikakipachika kwenye mshono wa ubavuni, mdomo wake nikaukunja chini ya mkanda, na bitana nikatumia vipande vya zambarau vilivyobaki kwenye suti za kwaya. Mama, ungekipapasa kutwa usikipate! Kesho yake wakaja wawili, hadi wiki inaisha wamefika kumi na mmoja, wasichana kwa wavulana, wa sketi na wa suruali, kila mmoja akiapa kwamba fundi kama mimi hajaonekana. Sifa zikanipanda kichwani. Nikamshonea na Chiriku mmoja kwenye sketi yake bila kuombwa, nikamwambia ni zawadi ya baba.

Mtoto alipoiona ile zambarau, aliyokwisha kuiona kwa wenzake shuleni, alibadilika. Chiriku, ambaye hata usingizini anaongea, siku mbili nzima akawa ananijibu ndiyo na hapana. Siku ya tatu alitoka shule akaja moja kwa moja dukani, akachukua wembe wangu, akaufumua mfuko mbele ya wateja. Nilipandwa na hasira, nikamuuliza ni wazimu gani huo wa kuharibu kazi ya mikono ya babake. Alisubiri mteja wa mwisho aondoke, ndipo akaniambia mifuko yangu inabeba nini.

Vepu, ndivyo wanavyoziita wao. Kidude chembamba, ukikivuta kinafuka mvuke wa harufu ya matunda. Nilimuuliza inakuwaje watoto waliolelewa wakahangaika na kitu kama hicho. Alisema hakuna sababu moja. Wapo wanaovuta ili wasiachwe nje ya kundi. Yupo anayesema humtuliza moyo kabla ya mtihani. Wengine walipenda ladha tu, wakaona ni kama peremende. Na yeye je? Alikiri, bila kuzunguka, kwamba alitamani sana, tena alishakishika mkononi. Lakini anaye mwenzake wa dawati aliyeanza kwa utani, na sasa hamalizi vipindi viwili bila kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Siku moja kilimwishia, Chiriku akamkuta humo chooni analia, mikono inamtetemeka, na aliyekuwa akimcheka kila mtu hawezi hata kufunga kifungo. Ndipo mjukuu wako alipowarudishia wenzake kidude chao. Kundi likamtenga. Wiki tatu amekula chakula cha mchana peke yake kwenye ngazi za maktaba, na sisi nyumbani hatukuambiwa neno. Mimi baba mtu niliona amepungua, nikadhani ni kukua.

Mwisho akaniuliza kama nilijua. Nikamwambia nilidhani ni mifuko ya kalamu. Aliurudisha wembe mahali pake, akaenda zake nyumbani. Tangu siku hiyo sikushona mfuko mwingine, lakini pia sikumwambia mtu yeyote.

Wiki moja baadaye walimu wakapekua sare. Wakakuta mifuko kumi na mmoja, yote bitana ya zambarau. Kwenye sketi ya Chiriku hawakukuta mfuko, walikuta matundu ya sindano na nyuzi mbili za zambarau zimesahaulika. Sasa shule nzima inajua kwamba binti huyu anajua kushona vizuri. Mwalimu mkuu akajumlisha, akapata kwamba mshonaji ni yeye, na wa kwake ameufumua kwa woga. Akamuuliza mara tatu, haya yote mwalimu mwenyewe aliyaandika kwenye barua ya kutuita. Mama, mtoto anayejibu hata asipoulizwa alitulia kama maji mtungini! Angetaja neno moja tu, baba, angekuwa huru. Hakulitaja. Wakamvua uongozi wa timu ya mdahalo, na wazazi tukaitwa kikaoni ili iamuliwe kama asimamishwe masomo.

Sasa nafika pale ambapo mkono unakuwa mzito. Kikaoni nilisimama nikasema mifuko ile nimeishona mimi, binti yangu hana hatia, ila watoto walinidanganya kwamba ni ya kalamu. Wazazi wakaguna kwa huruma. Mwalimu mkuu akasema basi, fundi naye amechezewa shere, tusimlaumu. Mambo yalikuwa yamekwisha, nami nilishaanza kuketi. Nikamtazama Chiriku kwenye benchi la wanafunzi. Alikuwa anaangalia sakafu.

Mficha uchi hazai, Mama. Nilijua. Yule msichana wa kwanza alinipa kidude chenyewe nikipime kwa utepe. Nilikishika kwa kiganja hiki hiki, nikakinusa, kikanukia matunda, nikajitia hamnazo kwa sababu nilitaka kuona kama mshono utawezekana. Na msichana huyo, kama nilivyokuja kujua, ndiye mwenzake wa dawati wa Chiriku, aliyemsimulia kila kitu. Kwa hiyo siku ile aliponiuliza kama nilijua, jibu alikuwa nalo. Alinipa nafasi ya kusema kweli, nikaitupa. Hata hivyo akakubali kuadhibiwa kwa ajili yangu.

Basi nikasimama tena, nikayasema hayo yote kwa sauti, mpaka ile habari ya kunusa. Kikao kililipuka. Baba mmoja alisema mimi ndiye wa kusimamishwa, mama mmoja akaapa sare za wanawe sitazigusa tena. Sikumjibu yeyote, maana wana haki. Mwalimu mkuu aliamua kwamba Chiriku arudishiwe mdahalo wake, na mimi nifike shuleni Jumamosi, niifumue mifuko yote kumi na mmoja mbele ya wenyewe na wazazi wao. Nitakwenda.

Lakini nimekuandikia kwa ajili ya jambo moja, Mama. Wakati kelele zimepamba moto, watu wananinyooshea vidole na mimi nimeinamisha kichwa, Chiriku aliinuka kwenye benchi la wanafunzi. Akaukata ukumbi mzima, macho yote yakimfuata, wenzake wa zamani wakimwona. Akavuta kiti akakiweka kando ya changu, akaketi bega kwa bega nami, akanishika mkono, akawatazama wote usoni hadi wakanyamaza. Nimeshona mengi ya kujivunia maishani, lakini yote nayaweka chini ya siku hiyo.

Ukitaka kunigombeza, nigombeze, nimestahili. Yeye mwombee, na ukimwandikia usimwambie kwamba nimekusimulia nikiwa nalia. Wasalimie wote hapo nyumbani, mdogo kwa mkubwa, nasi Mungu akituweka tutakuja kukuona shule zikifungwa.

Wako mtiifu,

Baba Chiriku